Baba wa Siku ya Kuonyeshwa Nyumba

Nimepanga nyumba mbili katika mji huu wa Eldoret, na zote mbili nilipewa kwa sababu mzee mmoja ambaye si baba yangu alisimama mlangoni akasema mimi ni binti yake. Wanawake tuliomtumia tulimwita Msimamizi, kama wale wanaosimama kando ya maharusi kanisani, ambao kazi yao kubwa ni kuonekana. Jina lake nalijua na sitaliandika. Hakuwa mtu mbaya. Nimetanguliza hilo ili mtu asije akasema nimemchafua. Hakuwa mbaya, na bado nikimkumbuka natema mate.

Namwandika sasa kwa sababu juzi nilimwendea, na nilimwendea kwa sababu nilikuwa nimekwama. Ploti ya vyumba vya kupanga ya Kapsoya, nilikokaa na Shiru, binti yangu, iliuzwa. Mwenyewe mpya anataka kujenga gorofa. Hakutuletea notisi wala hakutuita kikao. Alituma mafundi wakang'oa milango ya vyoo. Tulipoendelea kukaa, wakarudi wakang'oa na ya bafu. Shiru ana miaka sita. Alikataa kabisa kuingia choo ambacho jirani akipita na ndoo anakuona umechuchumaa. Alijizuia mpaka anatoka jasho, mpaka analia, na mimi nikawa namshikia kanga mbele kama pazia huku wanaume wa ploti wakipita wakisema, "Pole, Mama Shiru." Pole ya nini? Si mngeshika nyundo mrudishe mlango?

Basi nikaanza tena kutafuta nyumba, na mwanamke akitafuta nyumba bila mwanaume katika mji huu, siku ya kwanza tu anajua thamani yake.

Nina kazi. Nauza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la agroveti, na mkulima akija na ng'ombe anayeharisha ananisikiza mimi. Lakini nikifika kwa mwenye ploti na pesa yangu mkononi, ananiangalia kichwa, ananiangalia tumbo, anamwangalia mtoto, halafu anaangalia nyuma yangu, pale barabarani, kama kuna mtu bado anafunga gari. Halafu lile swali. "Na mzee yuko wapi?"

Msimamizi alisikia swali hilo kwa mara ya kwanza mimi nikiulizwa kwenye simu. Wakati huo nilikuwa nimemwacha baba Shiru, mtoto ana miezi michache, ninalala kwa dada yangu Langas, kwenye chumba kimoja na mume wake. Shemeji alikuwa ameanza kuvaa viatu kwa kelele asubuhi, na ukiona hivyo ujue wakati wako umeisha. Mzee aliishi chumba cha mwisho cha ploti hiyo hiyo. Nyumbani kwake kulikuwa Kapseret, ana mke na shamba huko, lakini siku za kazi alikaa mjini akiuza maziwa ya ng'ombe wake, yakiletwa na boda kila asubuhi kwenye mitungi. Nilikuwa nimesimama penye mfereji naongea na keateka, yaani mwangalizi, wa nyumba fulani ya Munyaka. Keateka akauliza lile swali. Nikamjibu hakuna mzee. Akasema nyumba imechukuliwa. Sekunde chache tu zilizopita ilikuwa tupu.

Nikatukana. Sikujua mzee yuko nyuma yangu anasuuza mtungi.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema nyumba imechukuliwa."

"Na kabla hujasema huna bwana?"

"Ilikuwa tupu."

Akamwaga maji, akaufunika mtungi vizuri, akasema, "Kesho saa nne nitakuwa nimemaliza maziwa. Tutaenda huko huko. Wewe usiongee sana."

Hivyo ndivyo nilivyopata baba.

Alikuwa na namna yake ya kwenda. Koti la kijivu, kofia ya kitambaa, na fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembea. Akifika getini habishi hodi. Anakohoa. Kile kikohozi hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha mtu mwenye mali. Watu waliokuwa wakinifungulia nusu mlango walitoka nje wakifuta mikono. "Karibu, Mzee. Karibu ndani, Mzee. Leta kiti!" Kiti kililetwa. Mimi nilisimama na mtoto mgongoni.

Alikuwa na msemo: "Nyumba haikodishwi na miguu, inakodishwa na kofia." Na mwingine aliupenda zaidi: "Mwanamke akitaja bei, wanasikia kelele. Mwanaume akikohoa, wanasikia bei." Aliyasema haya akicheka, na sisi tulicheka naye, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu tulimhitaji. Siku hizi sichekeshwi. Nikiyakumbuka naona aliyasema kama mtu anayesifia shamba lake.

Kuhusu nyumba zenyewe alikuwa hajui kitu. Watu wangedhani mzee wa namna ile anajua kuta na mabomba. Aligonga ukuta kwa fimbo akatikisa kichwa, lakini ukimwuliza amesikia nini, aligonga tena. Swali lake lilikuwa moja tu: "Maji inatoka siku gani?" Akijibiwa, "Kila siku, Mzee," aliridhika, na nani angemwambia vingine? Ile nyumba ya Munyaka yeye ndiye aliyeipitisha. Aliingia bafuni, akatazama juu, akasema hewa iko. Hakutazama chini. Mvua ya kwanza ilipokuja, choo cha ploti nzima kilipanda kupitia shimo la bafu langu. Nilirudi kazini nikakuta ndoo ya nepi za Shiru inaelea juu ya mavi ya watu nisiowajua. Nilimwambia keateka. Keateka akasema atangoja kuongea na baba yangu.

Nikampigia baba yangu wa kusimama. Akaja, akakohoa, kikaletwa kiti. Keateka akaeleza, mzee akaeleza, wakaelezana, wakapeana mikono. Mimi nilikuwa ndani nimepiga magoti nachota uchafu kwa kopo la mafuta. Niliwasikia wakicheka.

Nimesema hakuwa mbaya. Acha nitoe haki yake. Hakuwahi kudai hata shilingi kwa kazi hiyo. Ukimpa pesa alikasirika kweli, akakuuliza kama umeona amebeba sanduku la sadaka. Alikubali chai tu, chai ya maziwa mengi, na mkate. Hakuwahi kunishika vibaya, wala sikusikia mwanamke akilalamika hivyo, na wanaume wangapi wangepewa nafasi kama ile wasiitumie? Shiru alipougua kifua, aliacha chupa ya maziwa mlangoni kila asubuhi bila kubisha, na mtoto alipopona akamfundisha majina ya ng'ombe wake wote mpaka akawa anayaimba. Ng'ombe wake mmoja alipokufa kwa kuvimba tumbo, alikuja dukani kwetu, akasimama mbele ya kaunta na machozi waziwazi, akaniuliza dawa ambayo angempa jana.

Na kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Alifua nguo zake mwenyewe. Mkewe yuko Kapseret, binti zake wa kweli wameolewa mbali, nani angemfulia? Lakini alifulia ndani, amefunga mlango, na kuanika humo humo kwenye kamba aliyoifunga juu ya kitanda. Chumba kizima kilinuka ukungu. Koti lile la heshima, ukimkaribia, lilinuka kama gunia lililonyeshewa. Nilimwambia, "Mzee, si uanike nje? Jua liko bure." Akashtuka kama nimemwambia atembee uchi. "Watu waseme nini? Kwamba sina mtu?"

Nilielewa basi kwamba na yeye alikuwa anasimamiwa. Alisimamiwa na koti.

Mwanzoni nilifikiri mambo haya ni ya sisi watu wa chumba kimoja. Halafu siku moja gari safi likaingia Langas, likapita kwenye matope likiomba njia kwa mbuzi, likasimama kwa dada yangu, siku niliyokuwa nimemtembelea. Akatoka mama mmoja mwenye kazi kubwa, wakili, amevaa viatu ambavyo bei yake sitaki kuijua. Alimtaka Msimamizi. Alikuwa ameona nyumba Elgon View, nyumba yenye bustani na miti, na mwenye nyumba alikuwa amemwuliza nani atakata nyasi. Wakili! Mtu anayesimama mbele ya jaji! Alikuwa amesikia habari za mzee wetu kutoka kwa msichana anayemsuka nywele.

Mzee akakaa kiti cha mbele. Jioni akarudishwa akiwa na keki kwenye boksi, akatukatia sote. "Alipewa?" tukauliza.

"Mara moja. Mwenyewe aliniuliza kama mimi ni mkulima, nikamwambia ndiyo. Tukaongea mahindi."

"Na yeye wakili?"

"Yeye alikuwa kwa gari."

Nikakaa na ile keki mkononi. Ilikuwa tamu, nami nikampa Shiru. Kama mwanamke yule na gari lake na shahada zake anangojea kwenye gari wazee wamalize mahindi, mimi na kidato cha nne changu ninaenda wapi?

Nilimwambia siku hiyo. Nilimwambia, "Mzee, wewe ukikataa kusimama, na wazee wengine wakakataa, hawa watu watakodisha kwa nani? Ng'ombe?"

Akaguguna ukoko wa keki. "Dunia nitaitengeneza lini, Mama Shiru? Wewe unataka kulala leo."

Na ni kweli nilitaka kulala. Ndiyo shida ya watu wa aina yake. Wanakupa kitu unachokihitaji, kwa hiyo mdomo wako unajaa.

Nyumba ya pili, hii ya Kapsoya, ndiyo iliyonifungua macho. Mwenye ploti wa wakati ule alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Jina langu la mwisho na la mzee hayakulingana hata kidogo. Mimi wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati, yeye ni wa hapa hapa Uasin Gishu, na kila mtu mjini hapa anajua kusoma jina la mtu kabla ya kusoma uso wake. Mzee alikuwa na jibu lake tayari kila mara: "Mama yake ni wa upande ule." Alilisema vizuri sana, na kahuzuni kidogo, utadhani kweli kuna mwanamke aliyempenda.

Yule mama akamtazama sana.

"Mzee, huyu ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini?"

"Binti. Mwaka jana ulileta mwingine, mrefu, mweusi, wa ziwani. Ulisema mama yake ni wa upande ule pia."

Nikaona nimekwisha. Nikaanza kumfunga Shiru vizuri mgongoni tuondoke. Lakini mzee hakutikisika.

"Mungu alinibariki na wasichana," akasema.

"Na pande zote za Kenya?"

"Nilikuwa kijana. Nilisafiri."

Yule mama akacheka mpaka akashika mlango. Mzee naye akacheka. Wakapigana viganja. Halafu akanipa nyumba! Akijua ni uongo akanipa, papo hapo, na alipokuwa anatoa ufunguo alimpa mzee mkononi, si mimi. Nilimwuliza baadaye, tulipozoeana, kwa nini alikubali. Akasema, "Mimi sijali baba ni wa nani. Nataka tu mwanaume wa kupigia kelele mambo yakiharibika. Wewe nikikupigia kelele utalia."

"Nani alikwambia nitalia?"

"Nyote hulia."

Na yeye alikuwa mjane, ploti yake mwenyewe, anapanda juu ya paa na gumbuti za mpira miguuni kusafisha tangi. Niambie hapo nani amelogwa.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko lile swali lenyewe. Wanajua. Mzee anajua, mwenye ploti anajua, keateka anajua, na mimi najua. Tunasimama pale wanne, watu wazima, tunaigiza mchezo wa watoto wa baba na mama, halafu ndipo mlango unafunguliwa.

Msimamizi mwenyewe alianza kuuamini mchezo. Huyo msichana mrefu wa ziwani, anayesomea uuguzi, alipata shida kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba aliyohamia baadaye alimwona na mvulana mlangoni saa kumi jioni, jua linawaka, wakiongea, akampigia "baba yake." Mzee alipanda boda kutoka Langas akafika amewaka kwa hasira. Alimwita nje mbele ya wapangaji. Alimwambia ameliaibisha jina lake. Jina lipi? Msichana alisimama pale na taulo kichwani, ametoka kuoga, anamwangalia mtu anayemuuzia maziwa. Alinisimulia mwenyewe. "Nilitaka kumwambia wewe si babangu," akasema, "lakini mwenye nyumba alikuwa hapo. Ningelala wapi?" Akasema, "Nisamehe, baba." Kisha mwisho wa mwezi akahama akaenda kukaa na watu mbali na mji.

Nilimwendea mzee nikamwambia alikosea. Alikuwa anapima maziwa. Hakuinua kichwa.

"Nilimsimamia," akasema. "Ukisimamia mtu, unamsimamia mpaka mwisho."

"Hukumsimamia. Ulimsaidia kudanganya."

"Mama Shiru, weka sufuria hapa."

Nikaweka sufuria. Akanizidishia maziwa, kama kawaida yake, mpaka juu kabisa. Sikumwaga hata tone mpaka mlangoni kwa dada, nilivyokuwa na hasira.

Baadaye aliacha kuuza maziwa akarudi Kapseret kabisa. Tulipotezana miaka. Nilisikia tu kwamba amejenga, kwamba mji unaelekea huko karibu na uwanja wa ndege, na kila mwenye shamba anakata kipande anajenga vyumba vya kupangisha. Milango ya vyoo ilipong'olewa Kapsoya, nikazunguka siku kadhaa, nikaulizwa lile swali mpaka nikawa nalijibu kabla halijaulizwa. Mmoja aliniambia hapendi watoto wa kike kwa sababu wanakua. Mwingine alinionyesha chumba ambacho mpangaji wa mwisho alikuwa ameacha ugali kwenye sufuria, umeota nywele za kijani, akasema nikikichukua sufuria ni yangu. Na hata huyo alitaka kumwona mzee.

Dada yangu ndiye aliyesema, "Si uende kwa Msimamizi? Ana vyumba vinne, viko tupu. Wewe ni mtoto wake."

Nikamshika Shiru mkono tukaenda siku ya Jumamosi. Nilijiambia sitakwenda kuomba kusimamiwa. Naenda kupanga, kwa mtu anayenijua, anayejua silali nje, silewi, silipi kwa kuchelewa. Kama kuna mlango mmoja katika mji huu ambao nitaingia bila mwanaume, ni huo.

Vyumba vilikuwa vizuri. Sitadanganya. Safu moja, mabati mapya, tangi kubwa la maji, na vyoo vyenye milango ya chuma inayojifunga kwa ndani. Shiru alienda moja kwa moja kwenye choo, akafunga komeo, na nikamsikia akikojoa kwa amani, mkojo mrefu kama wa ndama. Nilitaka kulia pale uani.

Mzee alitufurahia. Amezeeka, miguu imevimba, lakini alisimama akatusalimu kwa mikono miwili. Alimwuliza Shiru majina ya ng'ombe, mtoto akakumbuka mawili. Mkewe, mama mkimya, akaleta chai. Tukanywa. Nikamweleza habari za milango. Akasema huo si utu, akatikisa kichwa kweli kweli.

"Sasa, Mzee," nikasema, "nipe chumba kimoja. Kile cha mwisho. Nitahamia leo."

Akaweka kikombe chini.

"Vyumba hivi," akasema, "si vyangu peke yangu. Kuna mama hapa. Kuna vijana. Tulikubaliana iwe familia tu."

"Mimi ni nini?"

"Wewe ni mtoto wangu, unajua hivyo."

"Basi mpe mtoto wako nyumba."

Mkewe akaamka akaenda jikoni. Mzee akatazama ule mkono wangu uliokuwa juu ya meza, akashusha sauti. "Leta tu mtu asimame. Hata shemeji yako. Aje mara moja, majirani wamwone, mambo yaishe. Wewe si mgeni katika mambo haya."

Sikujua mtu anaweza kukuomba uongo kwa sauti ya upole hivyo. Sikumtukana. Niliona Shiru anacheza na komeo la choo, anafungua na kufunga, nikahesabu kichwani watu ambao wangeweza kuja kusimama mbele ya Msimamizi, na hapo nikajichukia kwamba nilikuwa nahesabu. Nikainuka.

"Usiende hivyo," akasema. "Ngoja. Hapo ng'ambo kuna mama ana chumba. Ninamjua. Nitakwenda na wewe, nikusimamie."

Alikuwa anaongea kwa moyo wake wote. Hiyo ndiyo iliyonivunja nguvu. Alikuwa tayari anaitisha viatu vyake, anachechemea, amefurahi kupata kazi. Na mimi, kwa sababu ya mtoto na kwa sababu jua lilikuwa linashuka, nikamfuata.

Yule mama wa ng'ambo alikuwa anachanganya chakula cha ng'ombe kwa mikono, molasi imempaka mpaka kwenye viwiko. Mzee akasalimu, akaeleza hali ya hewa, akaeleza mvua. Halafu akaniwekea mkono begani.

"Nimeleta binti yangu. Anatafuta chumba."

Mama akanitazama. Akamtazama Shiru. Akatazama ng'ambo, yale mabati mapya yanavyong'aa.

"Na zako si ziko tupu?"

"Ziko."

"Sasa mbona unamleta kwangu?"

"Zangu," mzee akasema, "ni za familia."

"Na huyu si umesema ni binti yako?"

Ng'ombe mmoja alisukuma kichwa kwenye karai, akasukumwa nyuma. Nilimgeukia mzee nikamtazama usoni, na sikumsaidia. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kupigana viganja, lakini mama alikuwa na molasi mikononi na hakuiinua.

"Wewe," yule mama akaniambia, "ni wewe unayetaka nyumba?"

"Ni mimi."

"Ni wewe utalipa?"

"Ni mimi."

"Basi njoo uone. Si kuzuri kama kwake. Ukuta wa nyuma unavuja kidogo, na harufu ya ng'ombe utaisikia."

"Nionyeshe choo kwanza," nikasema. "Halafu maji."

Tukaingia. Ukuta ulikuwa unavuja si kidogo. Harufu ilikuwa ile aliyosema na zaidi. Choo kilikuwa cha mbao, kina mlango, mlango una komeo la waya. Nilifungua mfereji nikasubiri mpaka maji yakatoka machafu, yakawa safi. Tukabishana juu ya ukuta. Nilipaza sauti, naye akapaza yake, na hakuna aliyelia. Akaosha mikono akanipa ufunguo, ukiwa bado umelowa.

Tulipotoka nje mzee alikuwa bado amesimama palepale uani, amenyooka, kofia kichwani, akingoja mtu amwulize kitu.